Mwanafunzi Anayejiongoza: Tahakiki ya Fundisho Moja la Elimu, Tukilitazama kutoka Ufuo wa Ziwa Tanganyika

1. Utangulizi

Katika vikao vya walimu wa elimu ya juu nchini mwetu kuna usemi mmoja ambao sasa umekuwa kama kiitikio. Husemwa ya kwamba masomo yanayotolewa kwa njia ya kompyuta na simu hayakwami kwa sababu ya vyombo, bali kwa sababu wanafunzi wetu hawajajua kujiongoza. Hawapangi wakati wao, hawajipimi, hawaombi msaada mapema, na hungoja mtihani ubishe hodi ndipo wafungue kitabu. Usemi huu una ukweli ndani yake, wala mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha kazi zilizoandikwa usiku wa mwisho hawezi kuukana. Hata hivyo, twaona kwamba umebebeshwa mzigo usio wake. Ulikusudiwa kueleza jinsi mtu anavyojifunza. Sasa watumika kueleza ni nani wa kulaumiwa.

Makala haya yanakusudia kulipima fundisho hilo la kujiongoza kwa mizani mbili: kwanza kwa mafundisho ya wataalamu wenyewe waliolieneza, na pili kwa maisha ya wanafunzi wa Kigoma, Ujiji na vijiji vya ufuo wa Ziwa Tanganyika. Mwishoni tutauliza kama theolojia yetu ya Kilutheri ina neno la kusema katika jambo hili, au kama tumeliacha mikononi mwa wataalamu wa kompyuta peke yao.

Hatuandiki haya tukiwa nje ya kosa. Mwaka mmoja, tukifundisha kozi iliyotolewa kwa njia ya mtandao, tuliandika katika taarifa ya mwanafunzi mmoja maneno manne: "Hana bidii ya kujiongoza." Alikuwa mwinjilisti wa mtaa mmoja wa kusini mwa Kigoma, mahali panapofikiwa kwa boti. Katika muhula mzima aliingia katika mfumo wa masomo mara tatu tu, na mazoezi yake mawili yalifika baada ya siku ya mwisho. Baadaye safari ya kazi ilitufikisha kijijini kwake. Tulikuta kwamba siku ya kwanza alipokwenda mjini alikuwa amepakua masomo yote ya muhula, akayachapisha, akayashona kwa uzi kama kitabu. Pembezoni mwa kila ukurasa palijaa maandishi ya penseli. Alikuwa akisoma pamoja na wazee watatu wa mtaa, na sehemu aliyoiona ngumu aliirudia mara mbili, mara tatu. Tulipomwuliza kuhusu siku za mwisho za mazoezi alitujibu kwa upole: "Mwalimu, wakati wa giza mimi siko nchi kavu." Maneno yetu manne yalikuwa ya uongo, ingawa kila tarakimu tuliyoitegemea ilikuwa ya kweli. Jambo hilo ndilo lililotusukuma kuandika.

2. Fundisho lenyewe na asili yake

Si haki kulihukumu fundisho kwa kuwatazama wanaolitumia vibaya. Yatupasa kwanza kusikia linasema nini.

Mtaalamu anayetajwa zaidi katika uwanja huu ni Barry Zimmerman wa Chuo Kikuu cha Jiji la New York. Katika maandishi yake ya miaka ya 1980 hadi miaka ya 2000 alieleza kwamba mwanafunzi anayejiongoza hupitia vipindi vitatu vinavyozunguka kama gurudumu. Kwanza hujiwekea lengo na kupanga njia kabla ya kuanza. Kisha hutenda huku akijiangalia. Halafu hujitafakari: nimefaulu wapi, nimekosea wapi, na safari ijayo nibadili nini? Anayemaliza mzunguko huu huuanza upya akiwa na hekima zaidi. Hakuna mkulima wa Kasulu wala fundi wa mitumbwi wa Ujiji atakayeyaona mambo haya kuwa mageni. Ndivyo kazi njema inavyofanyika popote.

Tofauti yake na mahubiri ya kawaida juu ya bidii ni kwamba Zimmerman hakuhesabu kujiongoza kuwa kipaji cha kuzaliwa. Alijenga juu ya mafundisho ya Albert Bandura, ambaye alionyesha kwamba sehemu kubwa ya yale tuyajuayo tumeyapata kwa kuwatazama wengine. Kwa hiyo Zimmerman alitaja ngazi nne. Katika ngazi ya kwanza mwanafunzi humtazama mtu anayejua akifanya kazi. Katika ya pili humwiga, naye mwenye kujua yupo karibu wa kumsahihisha. Katika ya tatu hufanya mwenyewe, lakini bado kwa kufuata mfano aliouona. Ni katika ngazi ya nne tu ndipo aweza kuitwa mwenye kujiongoza, anayebadili njia kulingana na hali. Ngazi mbili za kwanza haziwezekani bila mtu mwingine.

Hapa ndipo tahakiki yetu inapoanzia. Vyuo vyetu vimelipokea fundisho hili kuanzia mwisho wake. Twadai ngazi ya nne siku ya kwanza ya muhula, kwa mwanafunzi ambaye hakupata kumwona mtu yeyote akipanda zile tatu za chini. Tumeondoa ukumbi ambamo angemwona mwenzake wa mwaka wa tatu akipanga daftari lake, tumeondoa mwalimu aliyesimama ubaoni akikosea hesabu na kuifuta mbele ya macho ya wote, kisha twashangaa kwamba mwanafunzi hajui kupanga wala kufuta. Kosa hilo si la fundisho. Ni la sisi tuliosoma ukurasa wake wa mwisho tu.

3. Umbali na mazungumzo

Mtaalamu wa pili anatuhusu kwa karibu zaidi, kwa kuwa mawazo yake yalianza kukua katika Afrika Mashariki. Michael Moore, Mwingereza aliyefanya kazi ya elimu ya watu wazima nchini Kenya katika miaka ya 1960, na ambaye baadaye alifundisha Marekani, aliona kwamba umbali katika elimu hauhesabiwi kwa maili. Mwanafunzi aweza kukaa mstari wa mbele darasani akawa mbali sana na mwalimu wake, na mwingine aweza kukaa ng'ambo ya ziwa akawa karibu. Umbali hupimwa kwa mazungumzo yaliyopo kati yao na kwa jinsi masomo yalivyopangwa. Naye Moore alifundisha jambo ambalo kila mwandalizi wa masomo ya mtandao angelibandika ukutani: kadiri umbali huo unavyozidi, ndivyo mwanafunzi anavyolazimika kuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kujiongoza.

Maana yake ni nzito. Chuo kinapopunguza mazungumzo, kinapandisha bei ya kujiongoza. Mwalimu asiyejibu swali kwa wiki tatu amemdai mwanafunzi wake nguvu ambazo hakumdai yule anayejibiwa siku ya pili. Kwa hiyo tunaposema kwamba mwanafunzi ameshindwa kujiongoza, hatuna budi kuuliza swali la pili: alidaiwa kiasi gani, na ni nani aliyepanga deni hilo?

Nchi yetu si ngeni katika elimu ya masafa. Katika miaka ya 1970 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilitoa masomo kwa njia ya posta. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, kikazinduliwa rasmi tarehe 19 Januari 1994, Profesa Geoffrey Mmari akiwa Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza. Chuo hicho kilijenga vituo katika mikoa, Kigoma ikiwa mmojawapo. Wazo la kituo cha mkoa lilikuwa na hekima, maana lilikiri kwamba hata anayesoma peke yake anahitaji mahali penye mlango, meza, na mtu wa kumwuliza. Vyombo vya mtandao vilipoongezeka, na hasa baada ya vyuo kufungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona hadi vilipofunguliwa tarehe 1 Juni mwaka huo, wengi walianza kuamini kwamba mlango na meza vyaweza kuwekwa ndani ya simu.

Inafaa kukumbuka hapa asili ya Moodle, mfumo unaotumiwa na vyuo vingi vya nchi yetu na vya dunia. Mwanzilishi wake, Martin Dougiamas wa Australia, ambaye toleo la kwanza la mfumo wake lilitoka mwaka 2002, alikulia jangwani, mbali na shule yoyote. Alisoma kwa njia ya redio, na vifaa vyake vya masomo vililetwa kwa ndege. Lakini redio ile ilikuwa ya kusikia na kujibu. Mtoto wa jangwani alisikia sauti ya mwalimu wake na sauti za watoto wenziwe, nao wakamsikia. Mtu aliyetupatia chombo hiki hakulelewa katika upweke wa masomo. Chombo chake chaweza kubeba mazungumzo. Sisi ndio tulioamua kukitumia kama kabati la vitini.

4. Saa ya mashine na mwezi wa wavuvi

Sasa tushuke mpaka ufuoni. Msomaji asiyeijua Kigoma na aelewe kwamba uvuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika ni kazi ya usiku, nayo hufuata mwezi. Wavuvi hutoka na taa, zamani karabai za mafuta, siku hizi zaidi taa za betri, ili mwanga uwavute dagaa juu. Mwanga wa taa hauna nguvu mwezi ukiwa mpevu; kwa hiyo wavuvi hupumzika siku za mbalamwezi na kufanya kazi siku za giza. Katonga na Kibirizi, kama ilivyo katika vijiji vyote vya ufuo, soko, ada za shule, madeni na sherehe vimefungwa katika mzunguko huo. Anayetaka kujua ni lini mzazi atakuwa na fedha mkononi na atazame angani.

Mwanafunzi wa chuo anayejilipia masomo kwa dagaa ana muda mwingi wa kusoma, lakini muda huo haukai mahali ulipo katika almanaki ya chuo. Katika siku za mbalamwezi aweza kusoma mchana na jioni. Katika siku za giza hulala mchana na kukesha majini. Mfumo wa kompyuta haujui hivyo. Wenyewe hufungua jaribio Jumatatu na kulifunga Ijumaa saa 6 usiku, giza au mbalamwezi. Akikosa, huandikiwa sifuri, na katika orodha ya walio hatarini jina lake huwekewa alama nyekundu.

Tuitazame alama hiyo nyekundu kwa makini, kwa kuwa siku hizi ndiyo ushahidi mkuu unaoletwa mezani. Mashine haioni kusoma, huona kuingia. Huhesabu ni mara ngapi mwanafunzi amefungua ukurasa, amekaa dakika ngapi, na amebofya wapi. Mwanafunzi wa mjini mwenye mtandao wa ofisini huacha ukurasa wazi mchana kutwa huku akifanya mambo mengine, naye huhesabiwa kuwa mwenye bidii. Mwenzake wa ufuoni hununua kifurushi kidogo, hupakua kila kitu kwa nusu saa kabla hakijakwisha, huzima simu ili kutunza chaji, kisha husoma wiki tatu katika karatasi. Kwa mashine huyo ni mtoro. Lakini tukirudi kwa Zimmerman, ni yupi kati ya hao wawili aliyepanga kabla, aliyetenda kwa kujiangalia, aliyepima uwezo wake na kubadili njia kulingana na hali? Tumebuni kipimo cha kujiongoza ambacho humwadhibu mtu kwa kujiongoza.

Kuna na ukinzani wa pili. Twamwambia mwanafunzi ajiongoze, kisha twampangia kila saa. Kama kweli tulitaka apange, tungempa kitu cha kupanga: kazi zote za muhula mwanzoni, na ruhusa ya kuchagua tarehe zake ndani ya mipaka. Kinachoitwa kujiongoza katika mifumo mingi ni utii tu kwa ratiba ya mtu mwingine, pasipo mtu huyo kuwapo wa kuulizwa.

Wavuvi wenyewe wana somo kwa ajili yetu. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kwa miezi mitatu, kwa makubaliano na nchi jirani zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaliana. Ilikuwa miezi migumu kwa kaya nyingi. Lakini hakuna aliyependekeza kwamba ziwa liokolewe kwa kila mvuvi kujizuia kivyake, maana anayejizuia peke yake huwaachia wengine samaki wake na kulala njaa. Watu wazima wenye akili walijua kwamba kujizuia kunahitaji siku moja kwa wote, sauti moja, na macho ya jirani. Kwa nini hekima hiyo tuiache kando tunapofika mlangoni pa chuo?

5. Mambo tuliyowahi kuyajua

Jambo la kusikitisha ni kwamba tumewahi kuyajua haya na kuyatenda. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Chombo chake kilikuwa redio, teknolojia ya siku zile. Lakini redio haikuachwa ihubiri peke yake. Palikuwa na kijitabu, palikuwa na kundi la wasikilizaji lililokutana kila wiki, na palikuwa na kiongozi wa kundi aliyefunzwa. Viongozi waliofunzwa walikuwa kama 75,000, na watu walioshiriki wakafika kama milioni 2. Walisikiliza, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Kila kundi lilijiwekea lengo, likatenda, likajipima. Vipindi vyote vitatu vya Zimmerman vilikuwapo, ila aliyejiongoza alikuwa kundi, na mtu mmoja mmoja alijifunza kujiongoza akiwa ndani yake.

Neno kujitegemea nalo, tangu Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, halikuwa na maana ya mtu kuachwa peke yake. Lilihusu shule, kijiji na taifa. Twaweza kubishana juu ya matunda ya siasa ile, na wengi wamebishana. Lakini kulibadili neno hilo likawa la mtu mmoja mbele ya kioo cha simu ni kulipokonya nusu ya maana yake.

Kanisa pia lina historia yake. Elimu ya theolojia kwa njia ya enezi ilianza nchini Guatemala mwaka 1963, katika seminari ya Wapresbiteri, kwa sababu seminari ile iliona kwamba viongozi halisi wa sharika hawawezi kuyaacha mashamba na familia zao kwenda kukaa bwenini. Baadaye ilienea Afrika, na Walutheri wa Tanzania wakaipokea. Nguzo zake zilikuwa tatu: kitabu cha kujisomea nyumbani kwa hatua ndogo ndogo zenye maswali na majibu, kazi ya usharikani, na mkutano wa mara kwa mara na mwalimu pamoja na wanafunzi wenzake. Wale waliowahi kuiendesha watakumbuka kwamba mkutano ulipokufa, kitabu nacho kilikufa muda si mrefu. Leo tuna kitabu kizuri kuliko kile, chenye picha na sauti. Mkutano ndio tuliousahau.

Hata katika Ujiji, mji wenye wingi wa Waislamu, mpita njia asikiaye watoto katika chuo cha Kurani atagundua jambo. Kila mtoto yuko katika sura yake. Mmoja ameanza juzi, mwingine anakaribia kuhitimu. Hakuna anayesubiri mwenzake. Lakini wote wamo katika chumba kimoja chenye sauti nyingi, na sikio la mwalimu humkamata aliyekosea hata asipomtazama. Huko ndiko kujifunza kwa mwendo wa mtu binafsi, nako ni kwa zamani kuliko kompyuta.

Pengine mtu atatuletea mfano wa Jane Goodall, aliyefika Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, Julai 1960 bila shahada yoyote, akajifundisha kuwachunguza sokwe hata Chuo Kikuu cha Cambridge kikampokea mwaka 1962 kwa masomo ya udaktari. Hakika nidhamu yake ya kutazama na kuandika kila siku ilikuwa ya ajabu, naye aliheshimiwa kwayo mpaka kufa kwake mwaka 2025. Lakini hata yeye hakuanza peke yake. Mama yake alifuatana naye katika miezi ya kwanza, Louis Leakey alimtuma na kumtafutia fedha, na wenyeji walimwonyesha njia za milima ile. Habari ya mtu aliyejisomesha mwenyewe huwa nzuri zaidi tukiwahesabu na waliokuwa pamoja naye.

6. Kiasi: tunda la nani?

Je, theolojia ina neno hapa? Twaamini inalo. Neno la Kigiriki enkrateia, ambalo kwa asili lamaanisha nguvu ya mtu juu ya nafsi yake, katika Biblia yetu ya Kiswahili limetafsiriwa kuwa kiasi, nalo lasimama mwishoni mwa orodha ya tunda la Roho katika Wagalatia 5. Tafsiri hiyo ina busara. Kiasi si ukali wa nafsi juu ya nafsi, ni kipimo. Na mtume haliweki neno hili katika orodha ya matendo ya wenye nguvu, bali katika habari za tunda, akiyaandikia makanisa yaliyokuwa yakiumana na kulana. Tunda humea penye mti, udongo na maji. Mwenye shamba asiyemwagilia hana haki ya kuukemea mti.

Luther naye alitusaidia kwa njia mbili. Katika mafundisho yake juu ya Warumi ya miaka ya 1515 na 1516 alimweleza mwenye dhambi kuwa mtu aliyejikunja ndani ya nafsi yake. Ikiwa hivyo ndivyo tulivyo, basi elimu inayomwambia mwanafunzi ajitazame, ajipime, ajihukumu na ajituze mwenyewe tu, yaweza kuuongeza ugonjwa badala ya kuuponya. Na katika Makala za Smalkald za mwaka 1537, alipozitaja njia ambazo Injili hutujia, Luther hakuishia katika mahubiri, sakramenti na ufunguo. Aliongeza mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu. Moore angemwelewa mara moja.

Wala Luther hakudharau nidhamu ya mtu binafsi. Katika dibaji ya Katekisimu Kubwa alikiri kwamba yeye, daktari na mhubiri, kila siku alizirudia sehemu za katekisimu kama mtoto, na kwamba alipenda kubaki mwanafunzi wake. Lakini angalia ni wapi alikoiweka Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529: mezani pa nyumba, mikononi mwa mkuu wa kaya, mbele ya watoto na watumishi wanaoulizwa na kujibu. Uchapaji ulikuwa teknolojia mpya ya kizazi kile, na hakuna aliyeutumia kuliko yeye. Hata hivyo aliutia kitabu chake ndani ya mazungumzo.

7. Pingamizi na hitimisho

Tutapingwa kwamba maneno haya yawapa wavivu kichaka cha kujifichia. Pingamizi hili lina uzito. Wapo wanafunzi wenye umeme, mtandao na nafasi, wasiosoma. Na wapo wa ufuoni wanaotumia ziwa kama kisingizio. Kwa hao kuonywa ni haki yao. Lakini onyo la haki huhitaji kumjua anayeonywa, na hatuwezi kumtofautisha mvivu na mvuvi kwa kuhesabu mibofyo. Anayeutetea usemi wa kujiongoza kwa nia njema atapaswa kuwa wa kwanza kudai kipimo bora zaidi.

Kwa hiyo twapendekeza mambo machache, wala si ya gharama kubwa. Muhula wa kwanza uanze ana kwa ana mkoani, wanafunzi wapya wakikaa na wa mwaka wa tatu, waone kwa macho jinsi mtu anavyopanga wiki yake. Masomo yote yatolewe mwanzoni, katika hali inayoweza kupakuliwa na kusomwa bila mtandao. Mwanafunzi achague tarehe za kazi zake ndani ya mipaka, kisha ashikiliwe kwa tarehe alizochagua mwenyewe. Mwalimu awekewe siku za mwisho za kujibu, kama mwanafunzi alivyowekewa siku za mwisho za kuuliza. Na kundi dogo la wasomaji, liwe la wanafunzi au la wazee wa mtaa, lihesabiwe kuwa sehemu ya masomo.

Kuhusu yule mwinjilisti, tuliomba taarifa yake irekebishwe, nayo ikarekebishwa. Katika fomu hiyo palikuwa na nafasi ya kuandika idadi ya mara alizoingia katika mfumo, nafasi ya alama, na nafasi ya siku alizochelewa. Hapakuwa na nafasi ya wale wazee watatu, tukawaandika pembeni. Twawaomba walimu wenzetu watakaoandaa fomu za miaka ijayo waitafute nafasi hiyo, na wale wasioafikiana nasi watuletee hoja zao, nasi tutazisoma kwa moyo wa shukrani.